Katogota: siku tatu za muhogo majini, kazi ya enzimu isiyoonekana kwa macho

Muhogo mchungu unaweza kulisha familia, na unaweza pia kumlemaza mtoto miguu yote miwili. Kinachoamua ni kazi inayofanyika kati ya shamba na sahani ya bugali: kumenya, kuloweka, kuanika, kutwanga. Ndani ya kazi hiyo ya kila siku, ambayo akina mama wa Katogota na vijiji vingine vya bonde la Ruzizi wameirithi kwa mama zao, mna chembe ndogo sana inayoitwa enzimu. Enzimu hiyo hutambua sukari ya mmea, huishika, huikata, na sumu hupata njia ya kutoka.

Katogota iko kwenye Barabara ya Taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi, wilaya ya Uvira, jimbo la Kivu ya Kusini. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya bonde hilo, hapo watu hula muhogo karibu kila siku. Mizizi hutoa bunga, na majani hutoa sombe. Msimu wa kiangazi ukifika, mvua ikikatika, muhogo ndio unaobaki shambani ukisubiri, wakati mahindi na maharagwe yamekwisha ghalani. Basi njia ya kuutayarisha ni suala la afya kwa kila nyumba.

Sumu iliyofungwa pamoja na sukari

Muhogo wenyewe haukai na sianidi ikielea ndani yake. Mmea ungejiua. Unachofanya ni kuifunga sumu hiyo kwenye sukari. Kitu hicho kinaitwa linamarini. Upande mmoja wa linamarini ni glukosi, ile sukari rahisi inayopatikana kwenye mimea yote. Upande wa pili ni mzigo mdogo uliobeba sianidi. Mradi viwili hivyo vimeungana, hakuna sumu inayotoka.

Linamarini huhifadhiwa ndani ya chembe za muhogo, katika kifuko cha maji kilicho katikati ya kila chembe. Enzimu inayoweza kuivunja, ambayo wanasayansi huiita linamarasi, hukaa mahali pengine: kwenye ukuta wa chembe na katika mirija ya utomvu mweupe. Vitu hivi viwili ni majirani, lakini ukuta unawatenganisha. Panya, tumbiri au nguruwe akiuma mzizi, ukuta hupasuka, majirani hukutana, na sianidi hutoka mdomoni mwa mwizi. Hiyo ni silaha ya mmea. Ndiyo maana wakulima wa sehemu nyingi za Afrika hupenda kupanda muhogo mchungu ingawa unawapa kazi zaidi: wanyama huuacha, na hata wezi wa shambani hawaung'oi kwa haraka.

Mtu anayetwanga, anayekwangua au anayeloweka muhogo anafanya kile kile ambacho meno ya mnyama hufanya. Anavunja kuta ili enzimu ikutane na linamarini. Tofauti ni kwamba mama anafanya hivyo nje ya tumbo, na anaipa sumu muda wa kuondoka kabla ya chakula kuliwa.

Enzimu inatambuaje sukari?

Swali hili lilimshughulisha mwanakemia Mjerumani Emil Fischer mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1894, akiwa Berlin, alichukua sukari mbili zilizotengenezwa kwa glukosi ile ile. Tofauti yao ilikuwa moja tu: mzigo ulioungwa kwenye glukosi ulielekea upande mmoja katika sukari ya kwanza, na upande mwingine katika sukari ya pili. Wanakemia huziita alfa na beta. Fischer aliona kwamba enzimu kutoka kwenye chachu ilikata ile ya alfa na kuiacha ya beta. Enzimu kutoka kwenye lozi, iliyoitwa emulsini, ilifanya kinyume chake.

Kutokana na hapo aliandika kwamba enzimu na sukari yake lazima vilingane kama kufuli na ufunguo. Fischer alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902 kwa utafiti wake kuhusu sukari na kemikali nyingine za viumbe hai. Kwa msomaji wa Uvira kuna jambo la karibu zaidi: lozi chungu nazo hubeba sianidi iliyofungwa kwenye sukari, na emulsini ya Fischer hufanya kazi ya aina moja na linamarasi ya muhogo. Zote mbili hukata kiungo cha beta kilichoshika glukosi.

Enzimu ni protini, yaani mnyororo mrefu uliojikunja hadi ukawa na umbo lake maalumu. Mahali fulani juu yake pana shimo. Ndani ya shimo hilo glukosi huingia na kushikwa pande nyingi kwa wakati mmoja. Glukosi ina vikundi vidogo vya oksijeni na haidrojeni vinavyochomoza kama vidole, na kila kimoja hupata mwenzake wa kushikana naye ndani ya shimo. Upande wake ulio bapa hulala juu ya sehemu bapa ya protini, kama sahani juu ya sahani. Hakuna mshiko hata mmoja kati ya hiyo ulio na nguvu kubwa, lakini ikijumlishwa yote, sukari inayofaa hutulia. Sukari yenye kidole kimoja kilichogeukia upande mwingine haitulii vizuri.

Mwaka 1958 mwanasayansi Mmarekani Daniel Koshland aliongeza jambo kwenye mfano wa kufuli. Alionyesha kwamba enzimu si chuma kigumu. Sukari inapoingia, enzimu hujikunja kidogo kuizunguka, kama vidole vinavyojikunja vikishika mchi. Ikishajifunga hivyo ndipo inapofanya kazi.

Katika familia ya enzimu ambamo linamarasi imo, wakataji ni wawili. Ni asidi amino mbili za aina moja, glutamati, zilizokaa zikitazamana kwenye shimo. Moja hukamata sukari, nyingine hukisukuma kiungo mpaka kinaachia. Kisha tone la maji, molekuli moja tu, huja kumalizia kazi na kuiacha glukosi ikiwa huru. Bila maji, kazi hii haiendelei. Wapishi wanapaswa kulikumbuka jambo hilo kuliko yote yaliyotangulia.

Kwa nini kuanika peke yake hakutoshi

Mzigo uliobaki baada ya glukosi kuondoka haudumu. Huvunjika wenyewe, haraka zaidi penye joto, na kutoa gesi ya sianidi. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi joto karibu 26, yaani hali ya kawaida ya mchana katika bonde la Ruzizi. Kwa hiyo ikishafunguliwa, hewa na jua huiondoa.

Shida ni kuifungua. Mtu akimenya muhogo mchungu, akaukata vipande vikubwa na kuuweka moja kwa moja juu ya bashi kwenye jua kali, maji hukauka kabla ya kuta za chembe kupasuka. Enzimu inabaki bila maji, haikutani na linamarini, na sumu inabaki imefungwa ndani ya kipande kilichokauka vizuri, cheupe, kinachopendeza machoni. Kisha kipande hicho husagwa mashinini na kuwa bunga.

Kuchemsha nako kuna mtego wake. Maji yanayotokota huharibu umbo la enzimu, shimo lake hupotea, na haiwezi tena kushika chochote. Lakini linamarini yenyewe huvumilia moto. Mtu akitumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu kwenye maji yanayochemka, anaua kwanza yule ambaye angemsaidia. Ndiyo maana muhogo wa kuchemsha au wa kutafuna lazima uwe ule mtamu, wenye sumu kidogo, na hata huo ni heri ukatwe vipande vidogo na kuanzishwa kwenye maji baridi.

Kuloweka ndiko kunakofanya kazi zote pamoja. Katika siku tatu hadi tano za majini, bakteria na chachu huongezeka kwenye mapipa na vidimbwi. Navyo vina enzimu zao. Baadhi hutambua pektini, ile gundi inayoshikanisha chembe za mmea, na nyingine hutambua selulosi ya kuta. Zikishika na kukata, mzizi uliokuwa mgumu kama kuni unalainika hadi unabonyea kwa kidole. Kuta zikianguka, linamarasi na linamarini hukutana, na sehemu kubwa ya sumu huenda na maji. Jua la baadaye huondoa iliyobaki. Ukifuata njia hii kikamilifu, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za sumu huondoka.

Harufu kali ya muhogo uliovunda, inayowafanya wageni wafunike pua, ni alama kwamba vijidudu viko kazini. Ulaini wa mzizi ndio kipimo ambacho akina mama wamekitumia bila maabara: kama bado mgumu, bado haujaiva majini.

Sombe ina hesabu yake. Majani ya muhogo hubeba sumu nyingi hata kuliko mizizi, lakini pia yana enzimu kwa wingi. Kuyatwanga kwenye kinu mpaka yawe laini kabisa hukutanisha vyote viwili. Kuyapumzisha kidogo, kuyaosha na kuyapika kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi humalizia kazi. Sombe iliyotwangwa nusunusu kwa sababu ya haraka si sombe salama.

Konzo imeshafika Kivu ya Kusini

Daktari Giovanni Trolli ndiye aliyeuandika kwanza ugonjwa huu, mwaka 1938, baada ya kuuona Kwango, magharibi mwa nchi. Wenyeji Wayaka walikuwa tayari na jina lake: konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa. Haumwi homa. Ugonjwa hauzidi baada ya hapo, lakini pia hauponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kwa miaka mingi konzo ilionekana kama tatizo la Bandundu. Lakini mwaka 2011 watafiti walichapisha taarifa ya kuonekana kwake Kivu ya Kusini, katika eneo la Burhinyi, wilaya ya Mwenga, na kuueleza mkoa huo kama eneo lililoraruliwa na vita.

Uhusiano wa vita na muhogo si mgumu kuuelewa. Familia inayokimbia haiwezi kubeba pipa la kulowekea. Inayorudi baada ya wiki mbili inakuta njaa, na siku tatu za kusubiri zinakuwa nyingi. Mto ukiwa upande wenye mapigano, hakuna anayekwenda kuloweka. Wakaaji wa Katogota, ambao bado wanawakumbuka waliouawa Mei 14, 2000, hawana haja ya kuelezwa namna usalama unavyogusa hadi chungu cha jikoni.

Soko nalo husukuma. Mfanyabiashara aliye na gari barabarani anataka muhogo mkavu leo, si Ijumaa. Mama mwenye deni la karo ya shule anaona kwamba kupunguza siku mbili majini ni kupata franka mapema. Mteja wa mjini anayenunua bunga kwa rangi yake nyeupe hawezi kujua iliwekwa majini siku ngapi. Kiwango cha kimataifa kinachotambuliwa na FAO na OMS ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya bunga. Hakuna jicho linaloweza kulipima hilo sokoni.

Madhara hayaishii miguuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ulioshirikisha daktari Mkongomani wa mishipa ya fahamu Désiré Tshala-Katumbay, uliwapima watoto wa Kahemba. Watoto wenye konzo walikuwa nyuma katika vipimo vya akili na vya utendaji wa mikono. Hata watoto wa eneo hilo wanaotembea vizuri, wasio na konzo, walionyesha kasoro wakilinganishwa na wenzao wa mahali pasipo na ugonjwa.

Na jirani zaidi, kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, watafiti Wabelgiji F. Delange na A. M. Ermans walichunguza miaka ya 1960 na 1970 kwa nini rovu, uvimbe wa shingoni, lilikuwa jingi upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi, ilhali upungufu wa iodini ulikuwa sawa pande zote. Kazi zao ziliishia kwenye muhogo. Mwili unapojitetea dhidi ya sianidi, hutengeneza kitu kinachozuia iodini kuingia kwenye tezi ya shingo.

Ndagala na maharagwe si mboga tu

Mtu akila linamarini iliyobaki kwenye bugali, sehemu yake hutoka na mkojo bila kuvunjwa. Sehemu nyingine hukutana na bakteria wa utumbo. Hao nao wana enzimu zinazotambua kiungo kile kile cha beta, na sianidi hufunguliwa ndani ya mwili.

Mwili una namna ya kujikinga. Enzimu iitwayo rodanesi hubadilisha sianidi kuwa kitu chenye madhara madogo zaidi, kinachotoka na mkojo. Lakini kwa kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini za chakula. Anayekula bugali na sombe peke yake kwa wiki nyingi anaishiwa. Anayepata ndagala kutoka Ziwa Tanganyika, maharagwe, mayai au nyama hata kidogo, anaupa mwili wake kifaa cha kujitetea. Kwa familia za bonde, zilizo karibu na ziwa, ndagala wachache kwenye sombe ya mtoto ni kinga ya kweli.

Enzimu zinazotambua wanga hufanya kazi mwilini kila tunapokula. Bunga ya muhogo karibu yote ni wanga, yaani glukosi nyingi zilizofungwa kwa mnyororo wa alfa. Mate yetu yana enzimu iitwayo amilasi, yenye mfereji unaoshika glukosi kadhaa zilizofuatana na kukata mnyororo. Tafuna tonge la bugali bila mboga kwa dakika moja, bila kumeza: ladha tamu huanza kujitokeza. Lakini shina la muhogo, ambalo nalo limejaa glukosi, hatuwezi kulimeng'enya, kwa kuwa glukosi zake zimefungwa kwa upande wa beta kama selulosi, na mwili wa mtu hauna enzimu ya kuikata. Mbuzi hupata chakula humo kwa sababu tumboni mwake wamo vijidudu vyenye enzimu hiyo. Kiungo kimoja kikigeuka upande, chakula cha mmoja kinakuwa kuni za mwingine.

Njia ya saa mbili

Kwa bunga ambayo haijulikani ilitayarishwa vipi, kuna suluhisho lisilohitaji fedha. Lilibuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Linatumia ukweli kwamba linamarasi iliyokauka ndani ya bunga haijafa. Inasubiri maji.

Mama huweka bunga kavu kwenye basini na kutia alama ndani, mahali bunga ilipofika. Huongeza maji kidogo kidogo huku akikoroga. Mwanzoni bunga hushuka, kisha hupanda. Inapofika tena kwenye alama, maji yametosha. Hutandaza unga huo mbichi juu ya mkeka au bashi safi, unene usiozidi sentimeta moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Gesi huondoka. Baada ya hapo hupika bugali siku hiyo hiyo, kwa kuwa bunga iliyoloweshwa haikai. Sumu hupungua mara tatu hadi mara sita.

Njia hii ilijaribiwa katika kijiji cha Kay Kalenge, Popokabaka, na timu ya Jean Pierre Banea wa PRONANUT, programu ya taifa ya lishe, pamoja na Bradbury. Wanawake wa kijiji walifundishwa na kuitumia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalieleza kwamba katika kipindi cha ufuatiliaji hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyejitokeza. Ilikuwa mara ya kwanza konzo kuzuiwa kijijini kwa njia hiyo nchini DRC.

Njia ya saa mbili haichukui nafasi ya kuloweka. Inafaa kama hatua ya pili, hasa miezi ya kiangazi, kwa sababu muhogo uliopata ukame hutengeneza sumu nyingi zaidi.

Ya kukumbuka nyumbani

Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu au zaidi mpaka ulainike wote, kisha uanikwe. Vipande vilivyobaki vigumu virudishwe majini. Maji ya kulowekea yasinyweshwe mbuzi wala kuku. Utamu wa kuonja si hakikisho, kwani mbegu moja inaweza kuwa tamu shamba hili na kali shamba lile. Bunga ya kununua iloweshwe na kutandazwa kabla ya kupikwa. Mtoto asipewe bugali na sombe tupu siku hadi siku.

Mtu akipata kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika muda mfupi baada ya kula muhogo, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Na mtoto aliyeanza ghafla kutembea kwa vidole au kuanguka anguka asifichwe nyumbani kwa kudhani amerogwa. Konzo haina dawa ya kuiponya, lakini mgonjwa mmoja akijulikana mapema, majirani wote wanaweza kukingwa.

Hakuna kati ya haya linalodai mashini ya gharama. Enzimu ya kuondoa sumu imo tayari ndani ya muhogo wenyewe, na mmea huitoa bure. Inachoomba ni kuta zivunjwe, maji yawepo, na siku tatu za amani pembeni mwa mto.